Rejista ya Chumba cha Konokono

Wageni wanauliza simba yuko wapi.
Nawaelekeza: nyooka, pita kwa chatu, kata kulia.
Hakuna anayeuliza mlango huu wa bati la kijani
nyuma ya banda la nyani, hapa Kigamboni,
unaofungwa kwa waya,
wenye karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito:
USIGUSE SWICHI.

Mimi niliajiriwa kulisha mamba.
Nina kovu la kuonyesha, nina hadithi za kusimulia harusini.
Kisha Daktari Mbwambo akaniita, akafunua
bakuli la plastiki, na ndani, juu ya jani la mgomba,
kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho,
rangi ya chai ya maziwa, na mstari mweusi unaozunguka,
unazunguka, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
"Hawa," akasema, "wamebaki arobaini na mmoja.
Si hapa. Duniani."

Kwao ni Fungu Shungi, kisiwa ambacho
ukikohoa upande huu, upande wa pili wanakupa pole.
Waliishi huko kabla ya mnazi wa kwanza,
kabla ya jina. Kisha mashua ikashusha mbao
na ndani ya mbao sisimizi wageni, wekundu.
Misimu mitatu tu.
Yakabaki makombe, matupu, safi,
kama vikombe vya kahawa baada ya matanga.

Mama yangu, Mbagala, ananiuliza: wanaliwa?
Hapana.
Ni dawa?
Hapana.
Sasa wana nini?
Nikakosa jibu, nikaendelea kusonga ugali.

Kwetu konokono humwagiwa chumvi, mchicha upone.
Mimi mwenyewe, utotoni, kwa mkono huu,
niliwamwagia, nikawatazama wakitoa povu,
nikacheka.
Mkono huohuo sasa unashika brashi ya kuchorea,
unawainua mmoja mmoja, unapangusa kinyesi,
unasaga mfupa wa ngisi uwe unga wa kujengea nyumba.
Nanyunyiza maji. Nasoma kipimajoto. Naandika:
nyuzi ishirini na tatu, wote wazima.

Jumanne moja ya Februari umeme ulikatika saa tatu usiku.
Februari ya Dar: hata kuta hutoka jasho.
Kiyoyozi kikanyamaza. Ukimya ule niliusikia
nikiwa kibandani kwa mlinzi, kijiko kiko mdomoni.
Jenereta lilikuwa na kila kitu isipokuwa dizeli.
Ishirini na tano.
Ishirini na saba.
Nikavua kanga ya juu, nikailoweka kwenye ndoo,
nikaitandaza juu ya masanduku yao,
maandishi yakawaelekea wao:
JIRANI USINICHOKE.
Mlinzi Nandonde akapepea kwa kipande cha katoni,
akinung'unika kwamba kaka yake alipolazwa
hakupepewa hivi na mtu yeyote.
Akanung'unika hadi saa kumi.
Hakuacha kupepea.

Umeme uliporudi, friji ya dawa ilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.
Nikafunua kanga.
Namba kumi na tisa alikuwa amejikunja ndani kabisa.
Nikamgusa kwa brashi. Nikangoja. Nikamgusa tena.
Wengine walikuwa wanatafuna, taratibu, bila habari.
Na chini ya jani, chembe ya chokaa.
Nilitaka kuipangusa.
Chokaa ikatoa pembe.

Hawa hawatagi. Huzaa, kitoto kimoja, baada ya miezi,
kikiwa tayari na nyumba yake mgongoni,
nyumba ya kupenyezea mwanga, unaona moyo unavyodunda.
Hatua mbili za konokono kutoka pale, cha pili.
Nandonde akasogeza tochi, akasahau kaka yake.
"Vimevaa kabisa," akasema.

Nikafungua rejista. Nikafuta arobaini na mmoja
kwa ile raba ngumu ya nyuma ya kalamu
hadi karatasi ikatoboka.
Nikaandika arobaini na wawili pembeni ya tundu.
Daktari atauliza, maana hapendi uchafu:
tundu hili la nini?
Nitamwambia ni la namba kumi na tisa.